Mpeni Bibi Kisu Amenye Ndizi: Mwongozo wa Kusaidiana Wakati wa Mafuriko Moshi

Masika moja, maji ya mto Rau yalipoingia kwenye nyumba za tambarare chini ya mji wa Moshi, nilikuwa miongoni mwa waliopangwa kusaidia kwenye shule ya msingi iliyogeuzwa makazi ya muda. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye dawati la darasa la pili tangu alfajiri. Tulimpelekea chai, akakataa. Tukampelekea wali, akakataa. Tukamwekea blanketi mabegani, likadondoka, akaliacha palepale. Kijana mwenzangu akaninong'oneza, "Huyu amechanganyikiwa, apelekwe hospitali." Mchana ikaja pikapu ya ndizi mbichi, akina mama wakaanza kumenya chini ya mti. Bibi akainuka mwenyewe, akatoka nje, akanyoosha mkono: "Nipeni kisu." Alimenya mikungu miwili huku akiwakaripia wenzake kwa kumenya vibaya. Jioni alikula kutushinda sote.

Huruma tulikuwa nayo ya kujaza ndoo. Ila kwa saa sita nzima tulimshughulikia kama mzigo ulioletwa na maji, kumbe ni mtu aliyelisha ukoo mzima miaka yake yote na leo hana hata sufuria. Tangu siku ile, kila ninapofundisha vijana wa kujitolea, naanza na bibi yule. Hatua zilizo hapa chini zimefuata mpangilio wa maafa yenyewe: kabla, saa ya kwanza, usiku wa kwanza, na zile wiki ambazo magari ya misaada yameshaondoka.

Kabla ya masika: daftari la mtaa

Masika huanza Machi na kwenda hadi Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Anayeishi Mabogini, Kahe au Chekereni anajua kwamba mvua ya kuogopa si ile inayomnyeshea yeye. Inanyesha usiku kule juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na asubuhi mto unashuka umejaa huku bondeni jua linawaka. Arusha ni vivyo hivyo: mvua ya Meru inateremkia kwenye Themi, Naura na yale makorongo yanayokatiza katikati ya makazi. Korongo kavu la mchana huwa mto ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo kabla ya Machi, mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wa nyumba kumi wakae na daftari la shilingi elfu moja. Waandike nyumba kwa nyumba: nani hawezi kutembea, nani hasikii (kengele haitamwamsha), nani ana mimba ya miezi minane, watoto gani hubaki peke yao wazazi wakiwahi shamba au soko. Kila jina la namna hiyo lipewe jirani wa kulifuata, na jirani huyo aulizwe kama amekubali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa ziwepo hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kama kwenu kamati ipo kwenye makaratasi tu, daftari hilo ndilo pa kuanzia kuiamsha.

Andika pia namba ndani ya jalada: 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 112 ya Polisi, 116 ya simu ya huduma kwa mtoto. Na kamba. Mtaa wenye korongo usikose kamba ndefu, imara, inayotunzwa nyumba inayojulikana na kila mtu.

Saa ya kwanza: usiongeze idadi ya wanaotafutwa

Aprili 2024, jijini Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo. Watoto walikufa. Na mmoja wa watu waliojitosa kuwaokoa naye hakurudi. Simtaji kumlaumu, sijui ni nani kati yetu angebaki ukingoni akisikia watoto wanalia. Namtaja kwa sababu hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na inabidi uwe umeiamua kichwani kabla siku haijafika.

Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, chini ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulinyanyua gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, hata yale ya juu ambayo dereva wake anajiona ameshinda. Maji ya matope hayakuonyeshi kama daraja bado lipo.

Fuata mpangilio huu. Kwanza piga simu, au mtume mtu mmoja kwa jina apige: ukisema "jamani pigeni simu", kila mtu atadhani mwenzake amepiga. Pili nyosha ulicho nacho: mti, bomba, ngazi, khanga mbili zilizofungwa pamoja, huku umelala kifudifudi na mwenzako amekushika miguu. Tatu rusha: dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri huelea na linaweza kumshikilia mtu, funga kamba kwenye mkono wa dumu na ulirushe upande maji yanakotoka, mbele kidogo ya alipo, maji yamletee. Usijifunge kamba hiyo kiunoni. Kuingia mwenyewe majini ni kazi ya waliofunzwa wenye vifaa.

Sasa, ukingoni atakuwepo mama anayetaka kuruka kumfuata mwanawe. Nimeona wanaume watatu wakimkaba mama kama mwizi, wakimfokea "tulia!" Alitulia, ndiyo, na hadi leo anachokumbuka ni kukabwa. Mshike mkono kwa nguvu, simama kati yake na maji, mwite kwa jina la mtoto kama unalijua, Mama Neema, Mama Juma, kisha mpe kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza: "Mama Neema, nisaidie. Alikuwa amevaa nguo gani? Alikuwa upande gani wa nyumba? Anajua kuogelea?" Waokoaji wanahitaji majibu hayo kweli. Na yeye amepata njia ya kumsaidia mtoto wake bila kuingia mtoni.

Simu za kupiga picha ziwekwe mfukoni. Ukiona mtu anarekodi maiti au mwanamke aliyevuliwa nguo na maji, mwombe aje ashike kamba. Mara nyingi huja. Alikuwa hajui tu afanye nini na mikono yake. Asipokuja, simama mbele ya kamera na unyooshe khanga.

Maneno ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wema huharibu.

Anza na salamu. Utashangaa ni wangapi huiruka, eti ni dharura. Mzee aliyetolewa kwenye paa la bati bado ni mzee: "Shikamoo babu." Akijibu "marahaba", hata kwa sauti ya kukwaruza, umeshajua mambo mawili: anasikia, na anaelewa anachoambiwa. Yeye naye amejua kwamba hajageuka kuwa namba. Kisha jitambulishe, jina na unakotoka: "Naitwa Eliya, natoka Majengo, nipo na Msalaba Mwekundu." Kama hupo na shirika lolote, sema hivyo: "Mimi ni jirani tu wa mtaa wa juu."

Halafu sema pole. Kiswahili kimetupa neno hilo na shughuli yake inaishia palepale: halielezi, halihukumu, halimwahidi mtu kitu. Shida inaanza tunapoliongezea mkia. "Pole, lakini mshukuru Mungu wewe umepona." Aliyepona mwenyewe akasema hivyo, mwitikie. Usimtangulie. "Pole, afadhali wewe, kuna aliyepoteza watano." Msiba hauna mizani ya dukani. "Pole, ni mapenzi ya Mungu." Mchungaji au shehe wake atalisema kwa wakati wake, wewe umekutana naye dakika tatu zilizopita. Na lile la wanaume: "Jikaze." Tumelelewa nalo, najua. Ila mwanaume anayetetemeka baada ya kushikilia nguzo ya umeme kwa muda wa saa nne ameshajikaza vya kutosha.

Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na kiini chake ni vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mahali ni salama, nani ana jeraha, nani amekaa peke yake ukutani. Sikiliza anachotaka, bila kumchimba. Muunganishe na ndugu, chakula, daktari, taarifa. Haihitaji shahada. Kinachohitajika ni kujizuia.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi kuliko watu wanavyodhani:

"Shikamoo mama. Naitwa Eliya. Pole sana."

"Marahaba." Kimya.

"Nikae hapa kidogo?"

"Kaa."

Kimya kirefu. Usikijaze.

"Mbuzi wangu," anasema. "Mbuzi wote."

"Walikuwa wangapi?"

"Saba."

"Saba. Pole mama."

Basi. Usimuulize maji yaliingiaje, alisikia nini, mume wake alisema nini mwisho. Wapo waliokuwa wakiamini kwamba manusura wote wakalishwe siku ileile wasimulie yote waliyoyaona ili "yatoke". Wataalamu wa afya ya akili hawashauri tena kumlazimisha mtu hivyo. Anayetaka kusimulia, atasimulia. Akianza kuhusu mbuzi, usidhani ni jambo dogo, wala usidhani ni mbuzi peke yao.

Usiahidi usichokishika. "Mtoto wako tutampata" ni sentensi ya kikatili iliyovaa nguo nzuri. Sema unachokijua: "Zimamoto wanatafuta upande wa chini wa daraja. Saa kumi na mbili nitarudi hapa nikwambie walichokuta." Kisha saa kumi na mbili urudi, hata kama huna jipya.

Watoto

Mtoto aliyeokolewa peke yake abaki na mtu mmoja, yuleyule, hadi ndugu wapatikane. Kumpokezana mikono kumi ni kumpoteza mara kumi. Chuchumaa, ongea naye usawa wa macho, mpe kitu kikavu avae, mwambie kinachofuata kwa maneno mafupi.

Usimkabidhi kwa mtu kwa sababu tu anasema ni mjomba. Andika jina la mtoto, la mzazi, alipookotwa, saa, na sauti au neno lolote alilotamka. Kwa mdogo asiyejua jina, andika nguo na alama za mwilini. Anayekuja kumchukua aulizwe kabla hajaonyeshwa mtoto, na mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii awepo na asaini. Ndugu wa kweli atakasirika kidogo. Atakusamehe. Orodha hiyo isibandikwe ukutani wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na picha za watoto.

Usiku wa kwanza shuleni

Makazi ya muda huwa shule au kanisa au msikiti, na kosa la kawaida ni wageni kuendesha kila kitu na wenyewe kukaa kwenye mabenchi wakisubiri. Kabla giza halijaingia, waombe manusura wachague watu wao watano au sita, wanawake wasipungue nusu. Hao ndio waseme nani alale wapi, nani apike, mlango upi ufungwe. Wanajua mambo ambayo wewe huyajui, kwa mfano kwamba familia fulani mbili zina kesi ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na hazilali chumba kimoja.

Vipimo vinavyotumika na mashirika ya misaada duniani ni hivi: eneo la kulala mita za mraba 3.5 kwa mtu, maji angalau lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote, na choo kimoja kwa watu 20. Usiku wa kwanza hutavifikia. Vitumie kujua umepungukiwa kiasi gani na kumwambia mtendaji wa kata kwa hesabu, maana "maji hayatoshi" hakuna anayeisikia, ila "tuko 180, tunahitaji lita 2,700 kwa siku, tuna 900" huleta boza.

Kipindupindu hufuata mafuriko kama inzi wanavyofuata jalala. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu vidonge havilingani. Mwenye kuharisha aanze ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, mara moja, pakiti kwa lita moja ya maji safi. Haipo? Vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja, huku akipelekwa kituo cha afya.

Njia ya chooni iwe na mwanga. Taulo za kike na chupi mpya zigawiwe na mwanamke, ndani ya chumba, bila orodha ya kusomwa kwa sauti. Wenye dawa za kila siku, za kisukari, presha, kifafa, VVU, watafutwe kwa swali la faragha. Hakuna atakayenyoosha mkono mbele ya darasa zima.

Na gawa kazi. Kuni, kuchota, kufagia, kulinda mlango, kuandika majina, kuwachezesha watoto rede uwanjani. Si kila mtu atataka, na aliyelala akigeukia ukuta aachwe alale. Ila kisu kiwepo mezani.

Misaada inayokuja

Watu wetu ni wakarimu. Kukiwa na maafa, lori la nguo huwasili kabla ya lori la sabuni. Tulipokea viatu vya visigino virefu, koti la suti lisilo na suruali, na gauni la harusi. Gauni la harusi! Kabla hujafungua marobota, kumbuka kwamba kila kilo ya nguo inahitaji mtu wa kuichambua. Kama uko mbali na unataka kusaidia, tuma fedha kwa kamati inayotoa hesabu, au uliza kwanza. Jibu mara nyingi huwa ndoo zenye kifuniko, sabuni, sufuria, khanga, magodoro, machepe na turubai. Unga bila sufuria ni mzigo.

Wakati wa kugawa, familia ipewe namba na saa ya kuja, isisimame juani tangu alfajiri. Wazee na wenye ulemavu wapelekewe walipo. Mwanasiasa anayetaka picha ya mama akipokea unga huku amepiga magoti, apewe kiti na chai, apigwe picha na mwenyekiti.

Penye vifo

Desemba 3, 2023, maporomoko ya matope kutoka mlima Hanang yalifunika sehemu za mji wa Katesh, mkoa jirani wa Manyara, na watu zaidi ya 80 walikufa. Katika maafa ya namna hiyo huzuka haraka ya kuzika, kwa kuogopa magonjwa. Miili ya waliokufa kwa maji au kwa kuangukiwa, kwa kawaida, haianzishi mlipuko. Hivyo kuna muda wa kuitambua, kuipiga picha kwa ajili ya kumbukumbu za polisi, kuipa namba, na kuwasubiri ndugu. Kwa Mchaga anayetaka kumlaza baba yake kihambani, siku mbili hizo ni kila kitu; kwa Mwislamu anayetaka maziko ya haraka, wahusishe viongozi wa msikiti mapema.

Habari ya kifo itolewe na mtu mmoja, kwa faragha, huku mpokeaji ameketi na ndugu yupo karibu. Sema "amefariki". Ukisema "hali yake si nzuri", atapanda bajaji kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC akitafuta wodi. Anayetaka kuuona mwili, mweleze kwanza atakachokiona, kisha umwache aamue mwenyewe.

Mwokoaji naye ana kwao

Bodaboda aliyebeba majeruhi kumi na mmoja usiku mmoja, mgambo, askari wa Zimamoto, muuguzi, na wewe. Wengi wao nyumba zao nazo zimeingia maji. Pangeni zamu na mtu wa kuzisimamia, kwa sababu hakuna atakayeondoka kwa hiari yake. Awekwe mama mmoja mwenye sauti, ambaye kazi yake ni kusema: "Wewe, tangu saa nane hujala. Uji ule pale." Anayefukua awe na mwenzake, na msimpeleke mtu yuleyule mahali penye miili siku mbili mfululizo.

Siku na wiki za mwanzo, kukosa usingizi, kushtuka, kunusa matope pasipo na matope, ni kawaida na kwa wengi hupungua. Yakipita mwezi bila kupungua, au mtu akianza kunywa ili alale, au akitaja kufa, apelekwe hospitali penye huduma ya afya ya akili, na asipelekwe peke yake. Mwambie "twende", usimwambie "nenda".

Wiki ya tatu

Magari yameondoka, shule inahitaji madarasa yake. Sasa ndipo manusura wanahitaji watu, na ndipo tunapopungua. Pangeni jumamosi za msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa, wa kutoa matope nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba ndiye aseme kipi kitupwe, hata kiwe godoro lililooza, maana huenda ndani yake kuna akiba au hati. Wasindikizeni kutafuta karatasi: taarifa ya upotevu polisi, kisha NIDA kwa kitambulisho na RITA kwa cheti cha kuzaliwa. Sare na madaftari ya watoto.

Kisha itanyesha tena. Mvua ya kawaida tu, usiku, juu ya bati, na mtaa mzima utakuwa macho, watoto wakiwa wameshika viatu mikononi. Msiwaambie hakuna kitu. Wekeni zamu ya mto: watu wawili wenye tochi na filimbi, wanaosimama sehemu salama juu ya ukingo na kuangalia kijiti kilichochorwa alama. Kila saa mmoja apite akigonga milango aseme maji yamefika alama ya ngapi. Sisi zamu ya kwanza tuliwapa wanaume wanne waliokuwa hawalali hata hivyo. Bibi wa ndizi aliwatumia chupa ya chai.